Kula samaki kwenye khanaval ya Mumbai: mwongozo kamili kwa mtu wa pwani

Shangazi yangu ni mtu wa Tanga. Kwa wiki saba tulizokaa Parel, Mumbai, akitibiwa, kilichomsumbua zaidi baada ya ugonjwa wenyewe kilikuwa chakula. Karibu na chumba tulichopanga, kila mkahawa tulioingia ulitupa dengu, kisha jibini la paneer, kisha dengu tena. Siku ya tisa jirani mmoja wa ghorofa ya chini, bibi wa Kimarathi aliyekuwa akituona tunarudi na mikate ya kununua, alitushika mkono akatupeleka kwenye kichochoro tulichokuwa tukikipita kila siku asubuhi. Ilikuwa khanaval, mkahawa mdogo wa chakula cha nyumbani: meza sita, sahani za chuma, feni ya dari inayolalamika, na harufu ya nazi inayokaangwa. Shangazi alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akasema, "Kumbe nazi wanayo, walikuwa wanatuficha."

Pale ndipo nilipoanza kuandika mambo haya pembezoni mwa daftari la dawa. Watu wa Tanzania, Kenya na Komoro huja Mumbai kila mwaka kwa matibabu, masomo au biashara, na wengi hurudi nyumbani wakiamini kwamba Wahindi hula biriani na dengu tu. Lakini Mumbai ni mji wa pwani. Kusini yake kuna Konkan, ukanda mwembamba uliobanwa kati ya bahari na milima ya Sahyadri, unaoteremka hadi Goa, kisha Mangalore, na ukiendelea unafika Kerala. Watu wa huko hula samaki, nazi na wali kama sisi. Mtu wa pwani yetu anafika akiwa na nusu ya elimu tayari. Nusu ya pili ndiyo inayomponza, kwa sababu anadhani anayo.

Anza na kalenda, si na njaa

Kosa la kwanza tulilifanya sisi wenyewe: baada ya kuipenda ile khanaval, tukarudi Alhamisi. Samaki walikuwa aina mbili tu, na wote wa jana.

Wahindu wengi wa Maharashtra, jimbo lenye mji wa Mumbai, hawali nyama wala samaki siku fulani za wiki, kila siku kwa heshima ya mungu au mtakatifu wake. Jumatatu ni ya Shiva, Jumanne ya Ganpati, Alhamisi ya Datta na Sai Baba, Jumamosi ya Maruti. Si kila mtu anafunga siku zote hizo, kila nyumba ina mwiko wake, ila mwenye mkahawa anajua wateja watakuwa wachache, basi hanunui samaki wengi. Siku zenye samaki wa kutosha ni Jumatano, Ijumaa na Jumapili. Jumapili mchana utasubiri meza hadi miguu iume, kwa hiyo Jumatano na Ijumaa ndizo siku zangu.

Halafu kuna msimu. Kuanzia 1 Juni, kwa siku 61, boti za injini haziruhusiwi kuvua kwenye pwani ya magharibi ya India, ili samaki wazaliane na wavuvi wasife. Upepo unaopiga wakati huo ni kusi yetu ile ile, iliyovuka ikweta na kugeuka, na huko inashusha mvua ambayo mtu wa Tanga, hata aliyezoea masika, ataiogopa. Samaki utakayeuziwa miezi hiyo huenda ametoka kwenye barafu ya muda mrefu. Marufuku ikiisha, unaingia mwezi wa Shravan wa kalenda ya Kihindu, ambao familia nyingi hazigusi kitoweo kabisa, na wengine huendelea kujizuia hadi sikukuu ya Ganpati ipite. Mwezi wa Shravan ndio wenye Narali Purnima, mwezi mpevu ambao wavuvi wa kabila la Koli hutupa nazi baharini kuiomba bahari iwapokee tena.

Ukifika Mumbai Juni hadi Agosti, usisikitike. Agiza kuku, na vya kukaushwa. Nitavieleza.

Soma kibao cha mlangoni

Kibao kitakueleza mengi kabla hujakaa. Ukiona *Malvani*, mpishi anafuata mapishi ya Malvan, mji wa wilaya ya Sindhudurg, kusini kabisa mwa Maharashtra. *Gomantak* ni jina la kale la Goa, na mikahawa yenye jina hilo huwa ya mapishi ya Kihindu ya Goa: samaki, nazi, hakuna nguruwe. Ukiona *Mangalore*, tarajia ukwaju, pilipili nyekundu kavu na mikate ya mchele. *Lunch Home* ni jina la zamani la nyumba za kulisha wafanyakazi mchana, na *khanaval* ni neno la Kimarathi lenye maana hiyo hiyo.

Parel na Lalbaug vilikuwa mtaa wa viwanda vya nguo tangu karne ya kumi na tisa. Wafanyakazi wengi walitoka Konkan, wakaacha wake vijijini, wakalala chumba kimoja watu kumi kwa zamu. Akina mama waliobaki mjini waliwapikia kwa malipo ya mwezi. Mwaka 1975 wanawake hao waliunda ushirika wao, Annapurna Mahila Mandal, ukiongozwa na Prema Purao. Mgomo mkubwa wa 1982 ulipowatoa kazini zaidi ya watu laki mbili, viwanda vingi havikufunguka tena. Mabomba ya moshi machache bado yamesimama katikati ya maghorofa ya vioo. Ladha ya khanaval, basi, ni ya chakula cha nyumbani kilichopikiwa mtu aliye mbali na nyumbani. Labda ndiyo maana ilimkaa shangazi.

Mtego mmoja: *Udupi*. Udupi ni mji wa pwani kweli, kaskazini ya Mangalore, lakini mikahawa yenye jina hilo inafuata desturi ya jikoni za hekalu la Krishna la mji huo, na haina samaki hata wa picha. Dosa zake, mikate myembamba ya kukaanga, ni nzuri sana. Nenda asubuhi. Vivyo hivyo ukiona *shuddh shakahari*, maana yake ni majani matupu.

Ukubwa wa mkahawa nao ni dalili. Kama menyu ina ukurasa wa vyakula vya Kichina, ukurasa wa Kipunjabi na ukurasa wa pizza, samaki wa pwani ni mgeni mle ndani. Natafuta ubao ulioandikwa kwa chaki, au karatasi moja iliyogandishwa kwenye plastiki. Ubao huwa kwa maandishi ya Kidevanagari, yale ya Kimarathi na Kihindi. Jifunze tarakimu zake jioni moja, zitakusaidia hata kwenye basi. Ujihadhari na ७, ambayo macho yetu yanaiona kama 6 iliyogeuzwa, kumbe ni 7.

Saa: mchana kuanzia saa sita hadi kama saa tisa na nusu, kisha hufungwa, hufunguliwa tena saa moja usiku. Thali nzuri, yaani sinia la mlo kamili, ni ya mchana. Ukifika saa nane na nusu, utakuta vilivyobaki.

Kaa, na ujue kumwita nani vipi

Mkahawa mdogo hauna meza yako. Utaketi na wasiowajua, mtasogezeana maji, na hakuna atakayekuuliza unatoka wapi mpaka ule ukamaliza. Mara nyingi chumba cha juu au cha ndani kina kiyoyozi na bei zake ni kubwa kidogo kwa chakula kile kile. Kaa chini, karibu na jiko.

Hapa lugha itakuchezea. Kwa Kimarathi *dada* ni kaka mkubwa. *Kaka* ni baba mdogo. *Mama* ni mjomba! Mhudumu wa makamo mwenye masharubu utamwita "kaka" na atafurahi, ila kijana ukimwita "dada" ndiyo heshima yake. Shangazi alikataa katakata kumwita mwanamume dada, akatumia *bhau*, ndugu, ambalo linafaa kwa yeyote. Mama mwenye jiko ni *mavshi*, yaani mama mdogo. Mwanamke kijana ni *tai*.

Maneno mengine unayo tayari. Pesa ni *paisa*, hesabu ni *hisab*, kotmiri ni *kothimbir*, chapati ni chapati. Na neno kuu kuliko yote ni *bas*, lile lile basi letu, utakalolihitaji sahani ikianza kuongezwa.

Mhudumu atakuuliza maji: ya chupa au ya kawaida. Mgeni, hasa mgonjwa, achukue ya chupa na aifungue mwenyewe.

Chagua samaki kabla ya mapishi

Usifungue menyu. Muulize: *"Aaj taaza kay aahe?"*, leo kipi ni kibichi? Kisha omba kuona. Mikahawa mingi ina sinia la samaki waliokwisha pakwa viungo au jokofu la kioo karibu na kaunta, na hakuna anayekasirika ukitazama. Macho, mashavu, harufu. Hayo sina la kumfundisha mtu aliyekulia karibu na feri.

Majina ndiyo yanayotatiza, kwa hiyo shika haya:

*Surmai* ni nguru. Hukatwa vipande vya mviringo, na ndiye salama kwa mara ya kwanza.

*Bangda* ni kibua. Bei yake ndogo, mafuta mengi, na kwa maoni yangu ndiye anayestahili nazi yao kuliko wote. Wenyeji wanaojua kula humwagiza yeye, wageni humwacha kwa sababu ni wa bei rahisi.

*Paplet* ni samaki bapa, mweupe wa fedha, umbo kama la almasi, nyama laini yenye miiba michache. Ndiye wa harusi na wa wageni wa heshima, na bei yake inajua hivyo.

*Bombil* hana mwenzake kwetu. Akiwa mbichi ni laini hadi anatetemeka, maji matupu. Humpasua, humkandamiza chini ya kitu kizito maji yatoke, kisha humviringisha kwenye rava, yaani suji, na kumkaanga. Nje anavunjika kama kaukau, ndani anayeyuka. Agiza sahani moja mle wawili, aliwe akiwa moto, akipoa hana maana. Akikaushwa kwenye fito za mianzi ananuka kama ng'onda, na anapikwa na viazi au biringanya.

*Mandeli* ni wadogo kama dagaa, rangi ya dhahabu, huliwa na mifupa. *Kolambi* ni kamba, *khekda* ni kaa, *makul* ni ngisi, *mori* ni papa mdogo. *Tisrya* ni chaza wadogo wa mchangani; mgonjwa aliyedhoofishwa na dawa aachane nao, na chochote cha gamba amuulize daktari wake kwanza. *Jawla* ni uduvi mkavu, na hapa ndipo penye uokozi wa miezi ya mvua: hukaangwa na kitunguu, pilipili na nazi, hukaa pembeni ya sahani kidogo tu, na kinaweza kumaliza wali wote.

Sasa sikiliza vizuri kuhusu herufi tatu. Mbele ya paplet, kaa na kamba wakubwa, menyu huandika APS badala ya bei. Maana yake ni kwamba bei itategemea ukubwa. Mimi nilidhani ni jina la mapishi. Nikaagiza kwa madaha paplet mmoja wa APS, akaja ameviringwa kwenye jani la ndizi, tukamla tukasifu, bili ikaja rupia 1,400 kwa samaki peke yake, wakati thali ya bangda kwenye kile kichochoro chetu ilikuwa chini ya 300. Hakuna aliyetudhulumu, sikuuliza. Ukiona APS, samaki aletwe mezani akiwa mbichi, bei itajwe, ndipo ukubali.

Mapishi: fuata uchachu

Nilichokuja kukielewa wiki ya nne, na ambacho kingenisaidia siku ya kwanza, ni kwamba pwani hii yote inatumia nazi, kwa hiyo nazi haitakuambia uko jiko la nani. Kinachotofautisha ni kitu kinachotia uchachu.

Malvan wanatumia *kokam*, ganda la tunda jekundu jeusi lililokaushwa, linaloitwa pia *amsul*. Utaliona limelala kwenye mchuzi kama kipande cha ngozi. Lisukume pembeni, kazi yake imekwisha. Mangalore wanatumia ukwaju. Goa wana kokam pia, lakini Wakatoliki wa Goa wanatumia siki ya tembo la mnazi. Kerala wana tunda jingine, *kudampuli*, jamaa wa kokam, lenye ladha ya moshi. Onja kijiko kimoja cha mchuzi, tafuta uchachu umekaa wapi, utajua mpishi katoka wapi kabla ya kumuuliza. Nilimfanyia hivyo mpishi mmoja wa mtaa wa Dadar, nikamwambia wewe ni mtu wa Mangalore, akaniletea sahani ya pili bila kuombwa.

Tofauti nyingine na kwetu: sisi tunakamua tui, machicha tunatupa au tunawapa kuku. Wao, kwa mchuzi wa samaki, huisaga nazi yenyewe mbichi pamoja na giligilani, binzari na pilipili kavu hadi iwe laini kama uji, ndiyo inayoufanya mchuzi uwe mzito. Nazi hukunwa kwenye *vili*, ubao wenye kisu kilichosimama na meno ya kukunia mbele. Shangazi alipoiona jikoni alicheka hadi akakohoa: ni mbuzi, ila wao wanakatia na vitunguu humo humo. Kwa kuku, nazi kavu na kitunguu hukaangwa kwanza hadi viwe kahawia, na mchuzi unatoka mweusi kidogo, wenye harufu ya moshi.

Kwa vibua utakutana na *tirphal*, punje kavu zilizopasuka midomo. Usizitafune. Zinatia ganzi ulimi, mtu akadhani ameguswa na sumu. Zimewekwa kwa harufu.

Basi agiza hivi. Wa kukaanga: *rava fry*, yenye suji, kwa bombil na surmai, au *tawa fry*, ya viungo vitupu kwenye chuma, kwa bangda. Kamba wa *koliwada*, waliochovywa kwenye unga wa dengu na kukaangwa, wamepewa jina la kitongoji cha wavuvi cha Sion hapa hapa Mumbai. Wa mchuzi: *kalvan* au *saar* kwa mkahawa wa Kimalvani, *gassi* kwa wa Mangalore, *pulimunchi* ukitaka uchachu na ukali pamoja. *Tikhla* ni mchuzi mkavu wenye pilipili. Huo mwachie aliyezaliwa huko.

Utashawishiwa kuagiza kaa wa siagi, pilipili manga na kitunguu saumu. Ni mtamu, nakiri. Lakini ni chakula cha mikahawa ya mjini, si cha Konkan, na ukishajaza tumbo kwa hicho hutakijua hiki kingine.

Siku isiyo na samaki, agiza *kombdi vade*. Ni kuku wa ile nazi ya kahawia, na vade za moto zilizoumuka, za unga wa mchele uliochanganywa na ngano na jamii ya dengu. Ukiziona utasema mahamri; ukiuma hakuna sukari wala iliki. Kwenye mkahawa wa Mangalore kuna *neer dosa*, nyeupe, nyembamba, ndugu wa karibu wa chila zetu, na *kori rotti*, mikate ya mchele mikavu kama karatasi ambayo humwagiwa mchuzi wa kuku mpaka ilainike. Machi hadi Mei, Wamalvani hupika mchuzi wa korosho mbichi. Mtu wa Mtwara aliyezoea kuona korosho zake zikipakiwa kwenda India atautazama mchuzi ule kwa mawazo mengi.

Goa ina kuku wa kijani aitwaye *cafreal*, aliyejaa kotmiri na pilipili mbichi. Jina limetokana na neno ambalo Wareno waliwaitia Waafrika wa upande wetu. Mle, na kumbuka hilo.

Ile sahani, kwa mpangilio wake

Kama ni mara ya kwanza, acha kuchagua vitu kimoja kimoja: agiza thali ya samaki mmoja. Utaletewa sinia la chuma lenye kipande cha kukaanga, bakuli ndogo la mchuzi, uduvi au kamba kidogo wakavu, kachumbari, limau, chapati mbili au *bhakri*, wali, na bilauri ya kitu cha rangi ya waridi.

Anza na bhakri. Ni mkate wa unga wa mchele uliopigwapigwa kwa mikono, mweupe, hauna mafuta, na ukipoa unakuwa kigae, kwa hiyo usiuache. Kula nao samaki wa kukaanga na uduvi. Wali hauguswi bado. Sisi tulikuwa tunaanza na wali, tunamwaga mchuzi wote juu mara moja, halafu tunabaki na mikate mikavu, na mhudumu anatutazama kwa huruma. Wali ni zamu ya pili: mikate ikiisha ndipo unatengeneza shimo katikati ya wali, unatia mchuzi kidogo, unachanganya hapo hapo, unakula, unatia tena. Mchuzi mara nyingi huongezwa bure. Samaki haongezwi, na wali hutegemea nyumba, uliza.

Mkono wa kulia, kama kwetu. Lakini sinia moja watu watatu, hapana. Kilichoguswa na mkono uliokwenda mdomoni wao hukiita *ushta*, na hakitoki sahani moja kwenda nyingine. Ukitaka kumwonjesha mwenzako, mwekee kabla hujaanza kula. Shangazi alinichambulia mwiba, akaniwekea kipande kwenye sahani yangu kama alivyofanya tangu nikiwa mtoto, na meza nzima ikanyamaza kidogo. Kisha mzee mmoja akatabasamu, nadhani kwa sababu hata mama yake alikuwa akifanya hivyo.

Ile bilauri ya waridi ni *sol kadhi*. Usidhani ni sharubati. Ni tui bubu lililochanganywa na maji ya kokam, kitunguu saumu, pilipili mbichi na chumvi. Shangazi alivuta funda kubwa akitarajia sukari, uso ukakunjamana, akaiweka chini kama aliyedanganywa. Siku ya tatu akaimaliza. Wiki ya pili akawa anaagiza ya pili kabla ya chakula kufika. Inapoza pilipili na inalainisha tumbo. Wengine huinywa kidogo kidogo, wengine huimwagia kwenye wali wa mwisho, na huo wali wa mwisho ndio niuonao usingizini. Angalia rangi: ikiwa waridi kali kama rangi ya nguo, imetiwa rangi. Ya kweli imefifia.

Pilipili ikikuzidi, usikimbilie maji. Wali mtupu, sol kadhi, au maziwa mgando. Na kabla ya kuagiza sema *"kami tikhat"*, pilipili kidogo, ingawa mpishi wa Kimalvani akipunguza bado utalia.

Mambo ya dini kwa ufupi: samaki hana tabu. Kuku uliza kama ni halali, utajibiwa waziwazi. Nguruwe utamkuta kwenye mikahawa ya Kikatoliki ya Goa na Mangalore, jiko moja na samaki. Kibao kikisema *permit room* au *bar*, kuna pombe ndani.

Bili

Itakuja na kisahani cha shamari na vipande vya sukari, na pengine bakuli la maji ya uvuguvugu lenye kipande cha limau. Hilo ni la kunawia. Najua mtu aliyelinywa, na sitamtaja kwa sababu ni mimi.

Kodi ya GST ni asilimia 5, imegawanywa mistari miwili ya 2.5. Zaidi ya hapo, ukiona ada ya huduma imeongezwa, si lazima kuilipa: miongozo ya mamlaka ya kulinda walaji ya Julai 2022 inakataza kuiweka kwenye bili bila ridhaa ya mteja, na Mahakama Kuu ya Delhi iliiunga mkono Machi 2025. Sema kwa upole, itatolewa. Khanaval ndogo hazina mambo hayo. Acha noti ya 20 au 50 kwenye kisahani cha shamari. Wenyeji hulipa kwa kupiga picha kibandiko na simu, ila mfumo huo unadai akaunti ya benki ya India au mipango ambayo mgeni wa wiki chache mara nyingi hana. Beba rupia taslimu, ndogo ndogo.

Aliyebaki kitandani umbebee. Neno la kufungiwa ni *parcel*. Mchuzi utafungwa kwenye mfuko wa plastiki uliokazwa kwa uzi, nao unafika salama kuliko nilivyotegemea. Sol kadhi isikae, inyweke siku hiyo hiyo.

Na kabla ya kuondoka Mumbai, shuka Dadar, kituo kimoja tu kutoka Parel, uingie duka lolote la bidhaa za Konkan uombe amsul robo kilo. Chagua laini inayonata kidogo, si iliyokauka kama ganda la mti. Kwa sufuria ya kilo moja ya samaki weka vipande vinne au vitano, mwishoni, tui likishachemka, na upunguze chumvi kwa sababu vyenyewe vina chumvi. Shangazi aliuweka mfuko wake katikati ya kanga. Papa wa kwanza tuliyempika Tanga alitoka mwekundu, na jirani akauliza kama tumemtia damu.